Daluga si Shahada ya Uongozi

Kila uchaguzi wa chama cha michezo ukikaribia, wimbo ni uleule. Utausikia redioni asubuhi, utaukuta kijiweni jioni, na usiku wa manane kuna mtu asiyelala atauleta kwenye grupu la WhatsApp: "Wapeni waliocheza! Hawa wenye suti hata danadana tatu hawawezi." Ni wimbo unaonoga, tena una chembe ya ukweli. Nani hajawahi kumwona kiongozi wa mpira anayeshangaa kwa nini goli la kuotea limekataliwa?

Nami niliuimba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, timu ya mtaa wetu inatafuta mwenyekiti, na sisi vijana tukamtaka mshambuliaji wetu wa zamani, mtu aliyewahi kucheza ligi kuu, ambaye mabao yake tuliyasimulia kana kwamba tuliyaona, ingawa mengi alifunga kabla hatujazaliwa. Kura haikupigwa. Tulipiga makofi, basi, akawa mwenyekiti. Kwa miaka sita hakuitisha mkutano hata mmoja. Jezi zilizotolewa na mfadhili tulikuja kuziona zimevaliwa na timu ya mtaa mwingine. Siku moja baada ya mazoezi, katibu wetu, fundi cherehani mmoja mpole, aliuliza mbele za watu pesa za bonanza zimekwenda wapi. Mwenyekiti akamjibu kwa swali: "Kwani wewe ulicheza wapi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Fundi akaokota baiskeli yake akaondoka, na hakurudi tena. Timu ilikufa msimu uliofuata.

Tangu hapo sina hamu na wimbo ule. Na leo nataka kuupinga kwa kumtumia mtu ambaye wanaouimba wangempenda sana laiti wangemjua. Anaitwa Jarlath Burns. Alikuwa nahodha, sasa ni rais wa chama kikubwa kuliko vyote vya michezo nchini Ireland. Ukiitazama hadithi yake kwa haraka, unaweza kudhani inauthibitisha wimbo. Ukiitazama polepole, inauua.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana si wote waliowahi kuuona. Mpira wa Kigaeli unachezwa na watu kumi na watano kila upande, na mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Milingoti ya goli inapanda juu kama herufi H. Ukipitisha mpira juu ya mtambaa wa panya, unapata pointi moja. Ukiupitisha chini, wavuni, ni goli, na goli ni pointi tatu. Unaendeshwa na chama kinachoitwa GAA, kilichoanzishwa Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles. Mchezaji huchezea klabu ya kwao na, akiwa mzuri, kaunti ya kwao. Halafu sikiliza hili: halipwi mshahara. Uwanja wa Croke Park mjini Dublin unaingiza watu zaidi ya 82,000, na wanaocheza mbele yao Jumapili ni walimu, mafundi umeme na wanafunzi ambao Jumatatu wanarudi kazini. Ni mchezo wa ridhaa, kama tulivyokuwa tukisema enzi za wazee wetu.

Nilikutana nao nikiwa Dublin kwa masomo. Tarehe 28 Julai 2024 nilikuwa kwenye baa moja iliyofurika watu, fainali ya Ireland nzima, Armagh na Galway. Armagh walishinda kwa 1-11 dhidi ya 0-13. Piga hesabu mwenyewe: kumi na nne kwa kumi na tatu. Pointi moja. Ndipo kwenye skrini akaonekana rais wa GAA amesimama kwenye jukwaa la Hogan, akimkabidhi nahodha wa Armagh, Aidan Forker, Kombe la Sam Maguire. Rais huyo alikuwa Jarlath Burns, mtu wa Armagh, nahodha wa zamani wa Armagh, na katika kikosi kilichokuwa kikimsubiri alikuwemo mwanawe wa kumzaa, Jarlath Óg.

Baa nzima ilinyamaza kidogo, hata wasio wa Armagh. Mzee mmoja jirani yangu, shabiki wa Galway, alimalizia glasi yake, akaniambia: "Angalau huyu tunajua alikopitia."

Hakusema "angalau huyu alicheza". Alisema alikopitia. Wakati ule sikuitilia maanani tofauti hiyo.

Basi tuifuate hiyo njia. Burns ametoka Silverbridge, kijiji cha kusini mwa kaunti ya Armagh, katika Ireland ya Kaskazini, karibu kabisa na mpaka. Alikulia huko miaka ya machafuko. Desemba 1975 baa ya kijijini hapo ilishambuliwa, watu watatu wakauawa. Mji wa jirani wa Crossmaglen, jeshi la Uingereza lilichukua sehemu ya eneo la klabu ya mpira likajenga kambi yake hapo hapo. Mahali kama pale, klabu haiwezi kuwa burudani tu. Ni ukumbi wa harusi, ni kamati ya msiba, ni kitu pekee ambacho watu wanaweza kusema ni chao bila kumwomba mtu ruhusa.

Uwanjani alikuwa kiungo. Mwaka 1999 akaiongoza Armagh kutwaa ubingwa wa Ulster, jimbo la kaskazini, kwa mara ya kwanza tangu 1982. Wakaenda nusu fainali ya Ireland nzima, Meath wakawatoa. Miaka mitatu baadaye, 2002, Armagh wakalibeba Kombe la Sam Maguire kwa mara ya kwanza katika historia yao. Burns alikuwa ameshatundika daluga. Yaani nahodha aliyewafungulia njia hakuonja alichokuwa akikifuata.

Sasa, mwimba wimbo wetu ataruka kutoka hapo, 1999, hadi kwenye jukwaa la 2024 na kusema: mmeona? Mchezaji akapewa chama! Ataruka miaka ishirini na mitano kana kwamba ni matangazo ya biashara katikati ya filamu. Mimi nasema filamu yenyewe ndiyo ile miaka ishirini na mitano.

Alikuwa mwalimu, hatimaye mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya St Paul's huko Bessbrook. Alichambua mechi kwenye televisheni ya BBC. Aliongoza kamati ya chama iliyowashauri viongozi kuhusu mambo ya wachezaji. Aliongoza kamati ya kudumu ya sheria za mchezo, ile iliyopeleka kwenye mkutano mkuu wa 2016 sheria ya kumpa mchezaji mpira wa adhabu akiudaka safi mpira wa kipa uliopigwa mbali. Na kubwa kwangu mimi kuliko yote hayo, alikuwa katibu wa klabu yake ya kijijini.

Katibu wa klabu! Nahodha wa kaunti, sura inayojulikana kwenye televisheni, anakaa usiku kuandika muhtasari wa kikao, kusajili watoto wa umri wa miaka kumi, kufuatilia ada, kujibu barua ya mzazi anayelalamika mwanawe hajapangwa. Kazi ya fundi cherehani wetu. Hakuna anayeimbiwa kwa kazi ile. Lakini pale ndipo mtu anapojifunza kwamba chama ni watu wanaouliza maswali, na kwamba jibu la "ulicheza wapi?" halimalizi kikao.

Kisha akagombea urais. Februari 2020, pamoja na jina lake lote, unahodha wake wote na televisheni yake yote, alishindwa. Aliyemshinda ni Larry McCarthy, mhadhiri wa usimamizi wa michezo kutoka chuo kikuu kimoja cha New Jersey, aliyepanda ngazi kupitia bodi ya GAA ya New York, mtu ambaye hakuna baa iliyokuwa ikisimulia mabao yake. Fikiria jambo hilo lingetokea kwetu. Nahodha wa taifa anaangushwa na mwalimu wa chuo anayeishi ughaibuni! Tungesema kura zimeibiwa. Tungesema mpira umeuzwa. Burns alirudi Silverbridge, akaendelea na kazi, akagombea tena 2023, akashinda. Hata hapo hakupewa kiti papo hapo. Katiba yao inamtaka mteule akae mwaka mzima akijifunza kabla ya kuapishwa. Alikalia kiti Februari 2024, kwenye mkutano mkuu uliofanyika Newry.

Na saa ikaanza kuhesabu. Rais wa GAA anakaa miaka mitatu, kisha anaondoka. Haongezi kipindi, habadilishi katiba kwa sababu "wadau wamemwomba". Muda wa Burns unaisha 2027. Kazi za kila siku za ofisi zinafanywa na mkurugenzi mkuu aliyeajiriwa, na sheria kubwa zinapigiwa kura na wajumbe kutoka kaunti zote na ng'ambo. Kwa hiyo hata nahodha akilewa sifa, atalewa kwa miaka mitatu tu, tena mbele ya watu wanaojua kusoma mahesabu.

Msomaji anaweza kuniambia: sawa, lakini bado walimchagua mchezaji. Ndiyo, safari hii. Lakini jambo kubwa kuliko yote lililofanywa na rais wa GAA katika karne hii halikufanywa na nyota wa uwanjani. Kwa miaka mingi Croke Park ilikuwa marufuku kwa michezo "ya kigeni", yaani soka na raga, kwa sababu za kihistoria zisizo ndogo. Novemba 1920 askari waliingia uwanjani pale mechi ikiendelea wakafyatua risasi, wakaua watu kumi na wanne, mmoja wao mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Jukwaa alilosimama Burns na kombe linaitwa kwa jina lake. Kuigusa marufuku ile kulikuwa kugusa kaburi. Aliyeigusa ni Seán Kelly, mwalimu wa Kerry. Kerry hiyohiyo yenye vikombe vingi kuliko kaunti yoyote, lakini yeye hakuwa mmoja wa mastaa wake. Alitembea kaunti kwa kaunti, akashawishi, akatukanwa, na Aprili 2005 mkutano mkuu ukapiga kura 227 kwa 97 kuufungua uwanja. Februari 2007 Uingereza wakaja kucheza raga pale, na mbingu haikuanguka.

Kwa hiyo unyota si sharti. Kelly hakuwa nao, akafanya makubwa. Na unyota hautoshi. Burns alikuwa nao, wakamwambia subiri. Wimbo wetu umekosea pande zote mbili.

Tuje sasa kwenye utawala wake, maana polemiki isiyopima kazi ya mtu ni ushabiki tu.

Alipoingia, mpira wa Kigaeli ulikuwa umechosha watu. Timu zilijaza wachezaji wote nyuma, kisha zikapigiana pasi za pembeni kwa dakika nzima mtu asithubutu kushambulia. Burns alikuwa na kila kisingizio cha kuandika sheria mpya kwa mkono wake mwenyewe: alicheza, alichambua, aliongoza kamati ya sheria. Hakufanya hivyo. Aliunda kamati na kuiweka chini ya Jim Gavin, kocha aliyeipa Dublin vikombe sita, vitano mfululizo kuanzia 2015 hadi 2019. Oktoba 2024 mapendekezo yakajaribiwa kwenye mechi za majimbo pale Croke Park. Goli la pointi nne likaonekana halifai, likatupwa. Yaliyobaki yakapelekwa mkutano mkuu maalumu Novemba, yakapitishwa kwa majaribio ya 2025: mpira unaopigwa kutoka nje ya tao la mita arobaini ni pointi mbili, kila timu lazima ibakize wachezaji watatu nusu ya mbele, na ukiadhibiwa ukakataa kumrudishia mpinzani mpira, adhabu inasogezwa mita hamsini mbele. Fainali ya 2025 Kerry walifunga 1-26. Linganisha na 1-11 ya mwaka uliotangulia. Oktoba 2025 wajumbe wakazifanya sheria hizo kuwa za kudumu.

Ona utaratibu: wazo, kamati, majaribio, kutupa kilichoshindikana, kura, mwaka wa kupima, kura tena. Hapo hakuna uchawi wa mguu wa kushoto. Ni subira ya mwalimu anayesahihisha madaftari.

Na kama bado unadhani umahiri wa uwanjani unahamia popote, mtazame huyohuyo Jim Gavin. Tarehe 4 Oktoba 2025 kazi ya kamati yake ilipata baraka za kudumu. Wakati huohuo alikuwa mgombea urais wa nchi kwa tiketi ya chama cha Fianna Fáil, amechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye sifa za michezo, hajawahi kugombea hata udiwani. Siku iliyofuata, tarehe 5, alijiondoa kwenye kinyang'anyiro baada ya kuibuka suala la zamani la fedha za kodi za mpangaji wake, jambo ambalo mwenyewe alikiri alikosea. Mtu yuleyule, wikendi ileile. Kule alikokuwa amepanda ngazi, alisimama imara. Kule alikopandishwa kwa lifti, alidondoka. Walioharakisha kumpandisha walikuwa wakiimba wimbo wetu, kwa Kiingereza tu.

Lakini Burns si malaika, wala GAA si pepo. Nina ugomvi nao wa aina mbili.

Wa kwanza ni mdogo. Uwanja wa Casement Park, Belfast, umefungwa tangu 2013. Ulipangwa kujengwa upya, uingize watu zaidi ya 34,000, na uchezewe mechi za Euro 2028. Makadirio ya gharama yakapanda mno, na Septemba 2024 serikali ya Uingereza ikasema haitatoa fedha za kuuwahisha. Juni 2025 ikaahidi pauni milioni 50. Zinasaidia, lakini hazimalizi uwanja. Simlaumu Burns peke yake kwa mkwamo ulioanza kabla yake. Nataja tu kwa sababu ni mtihani ambao unahodha haukusaidia hata kupandisha tofali moja. Hazina ya serikali haiogopi mtu aliyewahi kudaka mpira vizuri Clones.

Wa pili ni mkubwa, nao ni huo uridhaa. Gharama za kuandaa timu za kaunti zimepita euro milioni 40 kwa mwaka. Kuna wataalamu wa lishe, wachambuzi wa video, kambi za mazoezi. Mchezaji anafanya mazoezi kama mtu wa kulipwa, anarudishiwa nauli, anapata ruzuku ndogo ya serikali, na mwisho wa mwezi anategemea mshahara wa kazi nyingine. Wakati huohuo kila mtu Ireland anajua, na chama chenyewe kimeshakiri kwenye nyaraka zake, kwamba wapo makocha wanaolipwa pembeni, kinyume na kanuni. Burns aliunda kamati ya kuupitia upya uridhaa, na kamati ni kitu kizuri, nimeisifu hapo juu. Lakini hapa nakataa kusifu. Hili halihitaji majaribio ya kupima umbali wa tao. Linahitaji mtu wa kusimama mbele ya kaunti, ikiwemo kaunti yake, na kusema: ama tuifuate kanuni, ama tuifute, lakini tuache kudanganyana.

Na hapa ndipo daluga zingekuwa na kazi! Maana sisemi kucheza hakuna faida. Faida ipo, ila ni moja. Mchezaji wa zamani anaweza kuwaambia wachezaji na makocha ukweli mchungu, na wao hawawezi kumjibu kwamba haelewi. Anajua baridi ya mazoezi ya Januari. Anajua mke analalamika, anajua goti linauma ngazini. Mtu kama huyo ana haki ya kusikilizwa. Burns anayo haki hiyo kuliko marais wengi waliomtangulia, na muda wake unayoyoma. Akiondoka 2027 makocha bado wanapokea bahasha na kijana bado anaambiwa acheze kwa mapenzi, basi atakuwa ameitumia sifa yake kila mahali isipokuwa pale ilipohitajika.

Kuna na jambo la wanawake. Mpira wa Kigaeli wa wanawake na mchezo wa camogie vinaendeshwa na vyama vingine viwili, jambo ambalo kwa miaka mingi limewaacha mabinti wakigombania viwanja vya kufanyia mazoezi. Mpango wa kuviunganisha vyote vitatu, ukiongozwa na rais wa zamani wa nchi, Mary McAleese, umelenga 2027, mwaka uleule Burns anaoondoka. Hilo nalo tutampimia.

Kwetu pia wapo waliopita njia ndefu. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mashindano ambayo wajukuu bado wanasimuliwa. Aliingia kuongoza TFF mwishoni mwa 2004, karibu miaka ishirini na mitano baadaye, akiwa na taaluma ya uhandisi na umri wa mtu mzima. Mwaka 2013 hakugombea tena. Ajabu ni kwamba tukimtaja Tenga tunataja Lagos tu. Hatutaji ile miaka ya katikati, wala hatutaji kwamba aliondoka. Tumechukua mfano mzuri tukaukata kichwa na miguu, tukabaki na jezi.

Hapo ndipo naona kosa letu lilipo. Tunadhani tatizo la vyama vyetu ni aina ya mtu anayekaa kwenye kiti: mfanyabiashara mbaya, mwanasiasa mbaya, basi tumlete mchezaji. Kiti chenyewe hatukigusi. Hakina kikomo kinachoheshimiwa, hakina mkutano unaouliza, hakina katibu anayelindwa akiuliza. Mweke nahodha kwenye kiti cha namna hiyo, utapata mfanyabiashara mbaya anayejua kupiga danadana. Tena atakuwa mgumu kumng'oa kuliko wengine, maana ukimgusa, mashabiki watasema umeitukana historia.

Nimekaa kwenye mikutano ya waandishi wa habari ya wagombea wengi. Huwa tunawauliza maono yao. Jamani, maono kila mtu anayo, hata mlevi. Safari nyingine nitawauliza mambo mengine. Umewahi kuandika muhtasari wa kikao? Wa klabu gani, nani anaweza kuuonyesha? Umewahi kushindwa uchaguzi, na ulipokwisha kushindwa ulifanya nini kesho yake? Utaondoka lini, na nani atakuondoa ukikataa? Kati ya siku uliyotundika daluga na leo, ulikuwa wapi?

Aliyecheza akiyajibu maswali hayo, nitampigia debe kuliko mtu yeyote. Asiyecheza akiyajibu, naye nitampigia. Atakayenijibu kwa kuniuliza nilicheza wapi, nitamwambia ukweli: nilikuwa beki wa akiba wa timu iliyokufa, na najua vizuri ilivyokufa.

Fundi yule bado ana cherehani yake, kona ileile. Nikipita namwamkia, "Shikamoo mzee," ananiitikia vizuri tu, ananiuliza habari za kazi. Hajawahi kulitaja lile la uwanjani. Sijawahi kumwomba radhi kwa kile kicheko. Kabla sijaandika tena makala ya kuwafundisha viongozi wa michezo uwajibikaji, nadhani nianzie pale kwenye kibanda chake.